Waya Ukishafungwa, Mjomba Ataingilia Wapi?

Taa ya mbele ya kushoto ilikuwa imebaki vipande. Mwenye gari alitoka Lindi usiku, ng'ombe akakatiza barabara karibu na Mnazi Mmoja, na asubuhi gari likavutwa mpaka gereji ya mjomba wangu pale Chikongola, Mtwara mjini. Nilipofika, mjomba alikuwa ameshalegeza bampa na kuivuta mbele kidogo. Aliingiza mkono nyuma ya taa, akachomoa soketi, akaigeuza juani. Kisha akaniita.

"Mpwa wangu, hebu njoo uangalie hizi waya."

Nikaangalia. Za taa kubwa zilieleweka, za taa ndogo na indiketa nazo zilieleweka. Zikabaki mbili nyembamba, zimesokotwa pamoja.

"Taa inataka moto na ethi," akasema. "Hizi mbili zinataka nini?"

Nikamweleza kwamba ndani ya taa hiyo kuna kompyuta ndogo inayoinua na kushusha mwanga, na kwamba waya hizo mbili ndizo njia yake ya kuzungumza na kompyuta nyingine za gari. Nikamweleza pia kisa cha London. Mwaka 2023 mhandisi Ken Tindell alieleza hadharani jinsi Toyota RAV4 ya mtafiti mwenzake ilivyoibwa: wezi walivuta bampa, wakachomoa soketi ya taa, wakachomeka kifaa kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya muziki. Kifaa kikatuma ujumbe kwenye waya hizo hizo mbili, kikidai kwamba ufunguo halali uko ndani ya gari. Milango ikafunguka na injini ikakubali kuwaka.

Mjomba alinyamaza huku ameshika ile soketi. Nikaendelea, kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake, kumweleza kwamba dawa ipo na inakuja: watengenezaji wameanza kufunga waya wenyewe, kila ujumbe unabeba muhuri wa siri, na chipu ndiyo inayoukagua.

Akaniuliza swali moja.

"Sasa wakishafunga waya wenyewe, sisi tutaingilia wapi?"

Sikuwa na jibu. Wiki kadhaa zimepita na swali hilo halijaniacha.

## Waya unaomwamini kila mtu

Mimi riziki yangu inatoka kwenye mitandao: swichi zinazounganisha kompyuta, faiba, vyumba vya kompyuta vya ofisi. Magari nimeyajua kwa kukulia gereji. Kwa muda mrefu niliona kazi yangu na ya mjomba haziingiliani. Siku hizi gari ni mtandao wenye magurudumu manne, na mjomba, bila kuajiriwa na ofisi yoyote, ni fundi mitandao kama mimi.

Waya zile mbili zinaitwa CAN. Kampuni ya Bosch iliuonyesha ulimwengu utaratibu huo mwaka 1986, na kwa kazi uliyotengenezewa sijaona aibu yoyote ndani yake. Ni rahisi, unavumilia kelele za umeme wa injini, na waya wawili wanachukua nafasi ya mafungu mazito ya shaba. Ujumbe mmoja unabeba baiti 8 tu. Kasi yake ya juu kabisa ni megabiti 1 kwa sekunde, na magari mengi hutumia nusu ya hapo.

Ila ujumbe wa CAN haumtaji aliyeutuma. Unataja habari yenyewe tu: kasi ya gari, hali ya mlango, ufunguo upo au haupo. Kila kompyuta iliyounganishwa inasikia kila kitu na inaamini inachosikia. Namba ya ukaguzi iliyo mwishoni mwa ujumbe inagundua waya mbovu. Mwongo haimgundui, kwa sababu mwongo anaweza kuikokotoa namba hiyo sawasawa.

Mwaka 2010 watafiti wa vyuo vikuu vya Washington na California San Diego walichomeka kompyuta kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani na wakaweza kuchezea breki. Wapo waliojibu kwamba mtu aliyekwisha kuingia ndani ya gari lako anaweza kufanya lolote, kwa hiyo hakuna jipya. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek wakaishika Jeep Cherokee ikiwa barabarani, wao wakiwa mbali, kwa kupitia redio yake iliyounganishwa na mtandao wa simu. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa.

Baada ya hapo hoja ya "lazima aingie ndani kwanza" ilikufa.

## Nanosekunde 672

Wizi peke yake usingetosha kuwafanya watengenezaji wabadili waya. Kilichowalazimisha ni kamera.

Fanya hesabu hii. Picha yenye nukta 1920 kwa 1080, kila nukta ikiandikwa kwa biti 12, ni karibu megabiti 25. Ukiituma picha hiyo moja kwenye CAN ya nusu megabiti kwa sekunde, itachukua angalau sekunde 50 kufika, hata kama breki, injini na milango vyote vimenyamaza kuipisha. Na kamera hutoa picha 30 kwa sekunde. Hiyo ni megabiti 746 kila sekunde, kwa kamera moja, na magari mapya yana kadhaa, pamoja na rada.

Ndiyo maana Itheneti, ile ile inayounganisha kompyuta za ofisini, ikaingia garini ikiwa na waya mpya. Kiwango cha mwaka 2015 kinapitisha megabiti 100 kwenye jozi moja tu ya waya uliosokotwa. Cha mwaka 2016 kinapitisha gigabiti 1, na cha 2020 kimefika gigabiti 10. Pamoja nayo ikaja kinga ambayo sisi wa ofisini tunaifahamu tangu 2006, inayoitwa MACsec. Kila fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, inayoondoka kwenye swichi inapewa namba ya mfululizo na muhuri uliokokotolewa kwa ufunguo wa siri. Upande wa pili unaukokotoa upya. Usipolingana, fremu inatupwa kabla haijamfikia mtu yeyote. Mwizi anayechomeka kifaa katikati hana ufunguo, kwa hiyo anapiga kelele kwenye waya usiomsikia.

Hapa ndipo suala la vifaa linapoingia, na ni sehemu ninayoipenda mno, naomba univumilie.

Fremu fupi kabisa ya Itheneti ina baiti 64. Ukijumlisha utangulizi wake na pengo linalotakiwa kabla ya fremu inayofuata, inachukua nafasi ya baiti 84 kwenye waya, yaani biti 672. Kwenye gigabiti 1 kila biti ni nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa hiyo mpokeaji ana nanosekunde 672 kuamua kama fremu ni ya kweli, kisha inakuja nyingine. Kichakataji cha mapigo milioni 300 kwa sekunde kinapata mapigo kama 200 tu katika muda huo. Kukokotoa AES, hesabu ya siri ambayo MACsec hutumia, kwa programu ya kawaida kwenye kichakataji cha aina hiyo hula mamia ya mapigo kwa kila kipande cha baiti 16, na fremu yetu fupi ina vipande vinne. Programu haiwezi. Ukiilazimisha, haitabakiza nguvu ya kufanya kazi iliyonunuliwa kufanya, kama kutambua mtoto anayevuka barabara.

Saketi iliyochorwa kwa kazi hiyo tu inaweza, tena kwa gharama ndogo. AES yenye ufunguo wa biti 128 ina mizunguko 10. Unaweza kuchora saketi ya mzunguko mmoja na kuitumia mara kumi kwa kila kipande: ikipiga mapigo milioni 100 kwa sekunde, inamaliza takriban gigabiti 1.28 kwa sekunde. Kwa waya wa gigabiti 1 imetosha. Ukitaka zaidi, unachora mizunguko yote kumi kwa kufuatana, kila pigo linatoa kipande kimoja kilichokamilika, na mapigo yale yale yanakupa gigabiti 12.8. Mhandisi wa gari anachagua kati ya hizo mbili, au mahali fulani katikati, kwa kuangalia eneo la chipu, joto na bei. Ufanisi ninaouheshimu ni huo, wa kutochora zaidi ya kinachohitajika.

Hata baiti za nyongeza zinahesabiwa. MACsec huongeza mpaka baiti 32 kwa kila fremu. Ndani ya gari, ambako waya mmoja una ncha mbili tu na kila upande unamjua mwenzake, baiti 8 za kumtambulisha mtumaji zinaweza kuachwa, zikabaki 24. Kwenye fremu ndefu ya kamera hilo halionekani kabisa. Kwenye fremu fupi za sensa ni mzigo wa kweli.

Namba ya mfululizo nayo ilileta kisa chake. Mwanzoni ilikuwa ya biti 32, na haitakiwi kurudiwa chini ya ufunguo ule ule, maana ikirudiwa kinga inavunjika. Fremu fupi zikijaa waya wa gigabiti 1, namba hizo zinakwisha kwa dakika 48. Umeondoka Mtwara na hujafika Lindi, gari linatakiwa kukubaliana ufunguo mwingine njiani. Mwaka 2013 ikaruhusiwa namba ya biti 64, na suala hilo likafungwa.

Kubadilishana funguo wakati wa kuwasha gari ni gumu zaidi kuliko linavyosikika. Sheria ya Marekani inataka picha ya kamera ya nyuma ionekane ndani ya sekunde 2 tangu gia ya kurudi nyuma iingizwe. Ofisini nikiwasha swichi hakuna anayelalamika kwa kusubiri. Dereva anayetoka kwenye maegesho na watoto wanacheza nyuma yake hawezi kusubiri. Kwa hiyo funguo za msingi huwekwa kiwandani, ndani ya sehemu ya chipu iliyotengwa, ambako zinatumika lakini haziwezi kusomwa na yeyote. Ulaya ilikuwa na mradi ulioitwa EVITA, kuanzia 2008 hadi 2011, uliopanga sehemu hizo katika madaraja matatu, kamili, la kati na jepesi, ili sensa ya bei rahisi isilazimishwe kubeba kinga ya kompyuta kuu.

Nilikuwa nafika hapa katika kusoma kwangu, nimefurahi, na swali la mjomba linarudi pale pale.

Funguo zimewekwa kiwandani. Haziwezi kusomwa na yeyote.

## Gharama inayopanda meli

Gari la hapa kwetu lina maisha mawili. La kwanza linaishi Japani au Uingereza, kwa fundi mwenye mkataba na kiwanda. La pili linaanza likishuka bandarini, likiwa na miaka yake kumi au zaidi, na linaweza kuwa refu kuliko la kwanza. Katika maisha hayo ya pili linavuka barabara za vumbi za Newala na Tandahimba msimu wa korosho, linagonga mbuzi, linaingia maji, linabadilishwa taa, kamera, kontroli boksi. Spea inatoka kwenye gari lingine lililokufa. Mjomba anapiga simu Gerezani, Dar es Salaam, anatumiwa picha, anakubali bei, na mzigo unapanda basi.

Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ikakatika kule Somanga, mizigo hiyo ilikaa. Ilikaa, kisha ikafika. Mjomba amezoea kusubiri.

Ufunguo wa siri hausafiri kwa basi.

Umoja wa Mataifa una kanuni namba 155 kuhusu usalama wa kimtandao wa magari, na Japani ni miongoni mwa nchi zinazoitumia. Katika Umoja wa Ulaya imekuwa lazima kwa aina mpya za magari tangu Julai 2022, na kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Haitaji MACsec kwa jina. Inamtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba anaifahamu hatari na anaidhibiti, na kufunga waya ni mojawapo ya njia zilizo wazi za kuonyesha hivyo. Magari hayo tutayaona Chikongola katikati ya miaka ya 2030. Mjomba atakuwa mzee, vijana wake watatu watakuwa ndio wenye gereji.

Kamera mpya isiyo na ufunguo unaolingana itachomekwa, itapata umeme, itatuma picha safi kabisa. Swichi itazitupa zote, moja baada ya nyingine, kwa ufanisi mkubwa.

Hili ndilo lililonikosesha raha. Tunapima ufanisi kwa eneo la chipu, joto, baiti na nanosekunde, na vipimo hivyo vyote vinaishia siku gari linapotoka kiwandani. Saa za fundi hazimo kwenye hesabu. Wala siku za mwenye gari anayelipa bodaboda kwenda kazini huku gari lake limekaa juu ya mawe. Gharama haijapunguzwa yote. Sehemu yake imesogezwa mbele kwa miaka kumi, ikapandishwa meli.

Walioliona hili mapema wapo. Jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya haki ya kutengeneza magari mwaka 2012, na mwaka 2020 wapiga kura wakaiongezea habari zinazotumwa na gari kwa njia ya mawimbi. Ulaya, kanuni ya 2018/858 inamtaka mtengenezaji awape mafundi wa kujitegemea taarifa za ukarabati. Nimezisoma kwa wivu. Gari likishapanda meli, sheria za huko hubaki huko.

Kuna siku nilikaribia kuandika makala nyingine kabisa, ya kupinga kinga hizi zote. Nisingeweza kuiamini. Yule mtoto anayevuka barabara yupo Mtwara pia, na mtu anayeweza kudanganya breki za gari akiwa nchi nyingine haulizi kama gari liko Lindi au London.

## Kusoma bila kubadili

Mawazo yangu yaligeuka kazini, nikiwa nafunga MACsec kati ya swichi mbili za mteja mmoja kule Shangani. Nimefanya kazi hiyo miaka, na kuna mstari mmoja wa mipangilio ambao vidole vyangu huupita vyenyewe: je, unataka kusimba yaliyomo, yaani kuyageuza yasisomeke bila ufunguo, au unataka kulinda uhalisi tu? Huwa nachagua kusimba. Safari hii nilisimama hapo, mteja akaniuliza kama kuna tatizo.

MACsec inaruhusu fremu iwe wazi kabisa huku ikibeba muhuri. Kila mwenye kifaa anaweza kuisoma. Hakuna anayeweza kuibadilisha, kuibuni au kuirudisha ya jana bila kugundulika. Wakulima wetu wanalijua jambo hili kwa stakabadhi ya ghala: kilo na daraja la korosho zimeandikwa, anayetaka asome, lakini anayefuta tarakimu moja hati yake haipokelewi.

Fundi anahitaji nini hasa? Kwa sehemu kubwa ya siku yake, mjomba anahitaji kusikia. Anataka kujua sensa ya gurudumu la nyuma inasema nini, kamera inatuma au imekufa, nani ananyamaza na nani anapayuka. Mwizi anahitaji kusema. Wawili hawa wanashika waya mmoja kwa haja tofauti, na kwa miaka mingi tumeijadili kinga kama kwamba haja yao ni moja.

Nikarudi kwenye hesabu, na hesabu ikanipa zaidi ya nilichokuwa nakitafuta. Ukisimba yaliyomo, AES inafanya kazi kwa kila kipande cha baiti 16. Ukiweka muhuri peke yake, yaliyomo yanapitishwa kwenye hesabu nyingine nyepesi, ya kuzidisha tu, na AES inaitwa mara moja kwa fremu nzima, mwishoni, kuukamilisha muhuri. Fremu ya kamera ya baiti 1,500 inaokoa zaidi ya miito tisini. Muda wa fremu kufika haubadiliki sana, lakini umeme na joto vinapungua. Njia inayomwachia mjomba masikio yake ndiyo pia njia nyepesi kwa chipu.

Nilimpigia simu usiku ule ule.

Si kila waya unastahili kuachwa wazi. Kamera inayoangalia ndani, maikrofoni, mahali gari lilipo, vyote hivyo ni siri ya mwenye gari, na hapo naona kusimba ni lazima. Rada ya mbele, kasi ya magurudumu, pembe ya usukani, sijapata sababu ya kuzificha. Saketi ni ile ile, inaweza kufanya yote mawili, na uamuzi ni mstari mmoja wa mipangilio kwa kila waya. Kuna pia ugumu wa kimwili: Itheneti ya gari hupitisha pande mbili kwa wakati mmoja kwenye jozi moja ya waya, kwa hiyo huwezi kuchomeka sindano ya mita ukasikiliza kama unavyofanya kwenye CAN. Unahitaji kifaa cha kukaa katikati na kupitisha kila fremu kama ilivyo, au swichi ya gari ikupe nakala kwenye soketi ya kupimia. Hiyo ya pili ni programu tu, na ningependa iwe sharti.

Dalili kwamba mgawanyo huu unawezekana zipo tayari. Baada ya kisa cha 2015, Fiat Chrysler, iliyokuwa ikitengeneza Jeep, ilianza kuweka lango la ulinzi kwenye magari yake ya 2018. Mashine ya kupimia isiyosajiliwa ikawa inasoma makosa lakini hairuhusiwi kuyafuta. Mafundi walilalamika kuhusu kufuta, na walikuwa na haki. Lakini kusoma kulibaki.

## Kamera ya gari lililoungua

"Kusoma nimekubali," mjomba akasema kwenye simu. "Sasa nikibadilisha kamera?"

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Magari mengi tayari yana utaratibu wa kuongeza ufunguo mpya wa kuwashia: unakuja na ufunguo uliopo, unafuata hatua, na baadhi yanakulazimisha usubiri dakika kadhaa kabla ya kukubali. Kungoja huko kuna akili. Mwizi aliye nje ya nyumba ya mtu saa nane usiku hana saa nzima ya kukaa na boneti imefunguliwa. Fundi anayo, anakunywa chai. Kwa nini kamera, rada na taa visiingizwe kwenye gari kwa njia hiyo hiyo? Funguo zote za mwenye gari ziwepo, gari lizimwe, saa moja ipite, kisha swichi na kamera vikubaliane ufunguo mpya, na dashibodi ionyeshe kwa wiki nzima kwamba kuna kifaa kimebadilishwa. Mwenye gari anajua. Anayefuata kulinunua anajua.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kuhusu upande ambao sikuwa nimeufikiria.

"Na hiyo kamera niliyoitoa kwenye gari lililoungua? Yenyewe itaachiliwa na nani?"

Kwa sababu kamera nayo ina ufunguo wa bwana wake wa zamani, na bwana huyo ni majivu. Hawezi kutoa ruhusa. Ukiruhusu kamera ifutwe na yeyote, mwizi atang'oa kamera za magari yaliyoegeshwa Dar es Salaam na kuziuza Gerezani zikiwa safi. Usiporuhusu, kila gari linalokufa linakufa na spea zake zote, na chipu nzima nzima zinakwenda jalalani kwa sababu hakuna wa kuziambia zimsahau marehemu.

Nimelipima pande zote mbili, na nachagua kifaa kifutike. Ufunguo wa zamani usisomeke kamwe, ufutwe moja kwa moja ndani ya chipu, kifaa kibaki kitupu kama kilivyotoka kiwandani. Namba yake ya utambulisho ibaki, pamoja na alama isiyofutika kwamba kiliwahi kuwa cha gari lingine, ili anayenunua aweze kuuliza kimetoka wapi. Wizi wa spea ni uhalifu ambao polisi na wafanyabiashara wanaufahamu na wanaweza kuufuatilia kwa namba. Kufunga spea zote milele kwa ajili ya mwizi huyo ni kumtoza kila mwenye gari la mtumba kutoka Kilwa mpaka Masasi.

Mahali pa kuisema hoja hii papo. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ni mwanachama wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, na viwango vya magari barabarani vinaandikwa katika kamati ya ISO namba 22. Nchi zinazotengeneza magari zimejaa humo. Nchi ambazo magari hayo yanamalizia maisha zina habari ambazo wenzao hawana, na fundi yeyote wa Chikongola anaweza kuzitoa kwa mchana mmoja.

Mjomba ameongeza sharti lake, nami naliandika kama alivyolisema: utaratibu wowote wa kuingiza spea usihitaji intaneti. Anakumbuka Mei 2024, wiki moja baada ya barabara kukatika, nyaya za baharini nazo zikakatika na mtandao ukayumba nchi nzima. Gari lililo gerejini siku hiyo lisingeweza kuuliza kiwanda chochote. Nimelifikiria kiufundi na sioni kinachozuia. Swichi inazo funguo zake, kamera iliyofutwa inaweza kuthibitisha kwa cheti chake cha kiwandani kwamba ni kamera halisi, na saa ya kuhesabu muda wa kungoja iko ndani ya gari. Chipu hizo mbili, zikiwa mezani kwake, zina kila kinachohitajika ili zimalizane zenyewe.